TAHARIRI: TAA KUWAKA SIYO USALAMA

Ndugu wanachama na wanakijiji wote,

Masika yanakaribia. Sisi watu wa bonde la Rufiji hatujasahau mafuriko ya Aprili 2024. Maji yaliingia majumbani, yakaingia na kwenye jengo la mashine yetu ya kusaga, yakapita juu ya soketi na swichi. Alama ya tope bado ipo ukutani, kila mtu anaiona.

Leo tunataka kusema kosa letu wenyewe. Maji yalipoondoka, sisi viongozi wa ushirika tulingoja siku tatu tu. Tukaona ukuta umekauka, tukawasha swichi kuu. Taa ikawaka, tukafurahi. Mama mmoja aliyeleta mahindi akashika mlango wa chuma, umeme ukamtupa chini. Alipona. Je, angekufa, tungewaambia nini watoto wake?

Wapo wanaosema, "Mbona kwangu taa inawaka, tabu iko wapi?" Ndugu, taa kuwaka maana yake umeme umefika kwenye taa, basi. Haikuambii kama umeme unavuja njiani. Maji ya mafuriko huacha tope ndani ya soketi, swichi na breka. Nje pamekauka, ndani bado pana unyevu na kutu. Hapo umeme wa volti 230 hupata njia ya kupita ukutani na kwenye chuma.

Kwa hiyo, nyumba ikiingiliwa na maji, tufanye hivi:

1. Usiguse swichi kuu ukiwa umesimama kwenye maji.
2. Mita usiifungue. Toa taarifa kwa shirika la umeme.
3. Soketi, swichi na breka zilizozama zitolewe, ziwekwe mpya. Kuzianika juani hakutoshi.
4. Fundi mwenye leseni apime waya zote, pamoja na waya wa ethi, kabla ya kuwasha.

Mkutano mkuu wa Jumamosi utaamua juu ya akiba ya mashine. Wengine wanataka tugawane yote. Sisi tunasema: kwanza soketi na swichi za mashine zipandishwe juu ya ile alama ya tope, fundi apime, ndipo kinachobaki tugawane. Kazi hiyo ikichukua wiki mbili, tutatwanga kwa kinu. Kutwanga kunachosha, lakini hakuui mtu.

Njooni wote, wake kwa waume.

Katibu