Hesabu za Shule Zibandikwe Mlangoni

Mzazi wa komuni ya Katuba, Lubumbashi, anayetaka kujua ni nani hasa mwenye amri juu ya shule anakosoma mwanawe sharti ajizatiti kwa subira. Maana jengo aghalabu ni la misheni, mshahara wa mwalimu hutoka kwa Serikali iliyoko Kinshasa, direkta ameletwa na kordinasio ya kanisa, ada za sekondari huwekwa kwa amri ya gavana wa jimbo, na pamoja na hao wote yuko mkuu wa elimu, ambaye sisi humwita Proved, naye ana ofisi zake na wakaguzi wake. Kila mmoja wao ana sehemu ya mamlaka, na kila mmoja, paa linapovuja, ana mtu mwingine wa kumwonyeshea kidole.

Hali hii haikuzuka jana. Wakati wa Wabelgiji elimu ya Waafrika ilikuwa karibu yote mikononi mwa misheni zilizopewa ruzuku, hata mwaka 1954, Auguste Buisseret aliposhika wizara ya makoloni, ndipo shule za serikali zisizo za dini zilipoanza kufunguliwa kwa watoto weusi, na kelele za maaskofu zikasikika hata Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule zote. Haikupita miaka mitatu akaona mzigo umemshinda, na tarehe 26 Februari 1977 ukatiwa saini mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, kisha Waislamu nao wakaingizwa. Kwa mkataba huo Serikali hupanga masomo na kulipa walimu, na dini huendesha shule. Wengi wa watoto wa Kongo wamesoma kwa njia hiyo, nami si miongoni mwa wanaotaka misheni zinyang'anywe kitu. Tulikwisha kulijaribu jambo hilo na matokeo yake tunayajua.

Lakini katika mkataba ule mzazi hakuwa na kiti, ilhali ndiye aliyekuja kubeba gharama. Ulipotokea mgomo mkubwa wa walimu wa mwaka 1992, na hazina ya dola ikiwa tupu, ni wazazi waliokubali kumlipa mwalimu kutoka mifukoni mwao, na lililokusudiwa kuwa la muda likadumu zaidi ya robo karne. Fedha hizo, ambazo mama aliuza unga na mkaa ili azipate, hazikubaki zote shuleni: sehemu ilipanda kwenda kordinasio, sehemu kwenda ofisi za elimu, kila ngazi ikikata fungu lake kwa mujibu wa karatasi iliyopigwa mihuri. Katiba ya 2006 ilikwisha kusema kwamba shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ni bure. Neno hilo halikuanza kutekelezwa nchi nzima ila mwaka 2019. Watoto wakafurika. Kuna majengo ambamo shule moja husoma asubuhi na nyingine alasiri, kila moja na direkta wake, na dirisha likivunjika saa sita mchana, zamu zikibadilishana, mjadala wa nani alipe kioo huweza kufika muhula wa pili.

Sheria, kusema kweli, haikumsahau mzazi kabisa. Kila shule yapasa kuwa na kamati ya wazazi, KOPA, na baraza la uendeshaji, KOGES, ambamo wamo wajumbe wa wazazi na wa walimu. Walakini baraza hilo huongozwa na mkuu wa shule mwenyewe, yaani anayetumia fedha ndiye anayeketi mbele ya wale wanaopaswa kumuuliza amezitumiaje. Na mwenyekiti wa KOPA mara nyingi ni mtu mwema ambaye hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini. Mkutano huitwa Jumamosi, huanza kwa sala, hotuba huwa ndefu, na hesabu husomwa mwishoni, kwa Kifaransa, kwa haraka, wakati akina mama wamekwisha kuanza kuangalia njia ya sokoni.

Hapo ndipo ningetaka tuanzie. Uganda ulifanywa uchunguzi ukabainisha kwamba, katika miaka ya 1991 hadi 1995, katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilizitenga kwa matumizi ya shule za msingi, mbali na mishahara, ni 13 tu kwa wastani zilizofika shuleni. Serikali yao ikaamuru viwango vichapishwe magazetini na kubandikwa katika shule zenyewe, na kufikia mwaka 2001 fungu lililofika lilikuwa limepita 80. Wako wataalamu wanaosema tangazo peke yake halikufanya kazi hiyo yote, kwa kuwa mambo mengine yalibadilishwa wakati uleule; nakubali. Wala siku hizi Kenya (nchi, si komuni jirani yetu), yenye halmashauri za shule zilizowekwa na sheria ya mwaka 2013, haijaponywa na halmashauri hizo malalamiko ya michango. Hata Marekani, ambako bodi nyingi za wilaya huchaguliwa kwa kura na kujadili bajeti milango ikiwa wazi, ugomvi haukomi. Ila huko angalau raia hugombana juu ya tarakimu wanazozijua.

Nasi tumeona gharama ya giza: mwaka 2021 wakuu wawili wa elimu huko Kinshasa, mmoja wa ukaguzi na mmoja wa malipo ya walimu, walihukumiwa miaka 20 kwa ubadhirifu. Ikiwa hayo yalitendeka penye wahasibu na makarani tele, mama wa Katuba, ambaye daftari la shule halijapata kufunguliwa mbele yake, atajilindaje?

Basi kabla ya kila Septemba KOPA ichaguliwe kwa kura ya wazazi wote, uongozi wa KOGES usiwe wa mkuu wa shule, na kila mwisho wa mwezi karatasi moja, kwa Kiswahili, ibandikwe mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kilichokatwa na nani. Maskini direkta atasema Serikali haikumletea hata senti ya uendeshaji, na pengine anasema kweli. Naye aandike sifuri, na mwezi wake, na jina la ofisi iliyopaswa kuleta.