Miwani ya kidijitali yafupisha mafunzo kazini, lakini ujuzi unabaki kwa nani?

KIWANDA cha AGCO katika mji wa Jackson, jimbo la Minnesota nchini Marekani, hutengeneza matrekta makubwa na mashine za kunyunyizia dawa mashambani. Kila mteja huagiza kwa mahitaji yake. Trekta mbili zinazofuatana kiwandani zinaweza kuhitaji boliti, mabomba na nyaya tofauti kabisa.

Kwa mfanyakazi mpya, hapo ndipo penye mtihani. Awali alilazimika kuacha kazi, kwenda kusoma maelekezo, kisha kurudi kwenye mashine akiwa ameshasahau nusu yake. Mwaka 2017 wafanyakazi wapatao 100 wa kiwanda hicho walikuwa wakitumia miwani ya Google Glass, ambayo huonyesha maelekezo kwenye kioo kidogo mbele ya jicho huku mikono yote miwili ikiendelea na kazi. Kampuni ilieleza kuwa mafunzo ya mfanyakazi mpya yalipungua kutoka siku 10 hadi 3.

Miwani hiyo ni hatua ya mwanzo tu ya teknolojia ya uhalisia ulioongezwa, ambayo ikikamilika huweka picha na mishale juu ya kitu chenyewe anachokitazama mtu. Wazo si geni. Jina lake lilitokana na Tom Caudell, mtafiti wa kampuni ya ndege ya Boeing, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipokuwa akitafuta njia ya kuwarahisishia mafundi kupanga nyaya za ndege.

Siku saba za mshahara si jambo dogo kwa mwajiri. Hata hivyo, hesabu hiyo inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, imetolewa na kampuni yenyewe. Pili, inapima muda wa kuanza kufanya kazi, haipimi anachojua mfanyakazi miwani ikivuliwa. Mtu anayeambiwa akaze boliti ipi na kwa nguvu kiasi gani atakaza sawasawa. Siku trekta inapogoma katikati ya shamba, bila mtu wa kumwelekeza, anahitajika fundi, na fundi hapatikani kwa siku tatu.

Gharama kubwa nayo mara nyingi haiko kwenye kifaa. Iko kwenye kuandaa maelekezo ya kila hatua, kwa kila aina ya mashine, na kuyarekebisha kila mashine inapobadilishwa. Kiwanda chenye wafanyakazi wengi na bidhaa za aina nyingi kinaweza kuirudisha fedha hiyo. Karakana inayoajiri watu wawili kwa mwaka itaona ni nafuu zaidi kuwakabidhi kwa fundi mzoefu.

Vifaa vyenyewe vimekuwa na maisha mafupi. Google ilisitisha uuzaji wa miwani yake ya viwandani Machi 2023. Microsoft, iliyoingiza sokoni HoloLens 2 mwaka 2019 kwa dola 3,500 za Marekani, ilisimamisha uzalishaji wake mwaka 2024. Mwajiri ambaye maelekezo yake yalifungwa ndani ya programu ya kifaa kimoja ana kazi ya kuanza upya. Aliyeyahifadhi kwa namna inayoweza kuhamishiwa kwenye simu hakupoteza kitu kikubwa.

Simu ndicho kifaa kilicho karibu na waajiri wa Afrika Mashariki, na katika kilimo imeshaanza kutumika. Programu ya PlantVillage Nuru, inayozungumza Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti, hutumia kamera ya simu kutambua batobato na michirizi ya kahawia kwenye majani ya muhogo. Si uhalisia ulioongezwa kwa maana kamili, lakini swali inaloliibua ni lile lile la Jackson.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Nuru ilipatia kwa asilimia 65 ilipopima jani moja. Maafisa ugani walipatia kwa asilimia 40 hadi 58, na wakulima asilimia 18 hadi 31. Yalipopimwa majani sita ya mmea mmoja, Nuru ilifikia asilimia 74 hadi 88.

Takwimu hizo zinaweza kumshawishi mwajiri kupunguza mafunzo ya afisa ugani, kwa kuwa simu inajua zaidi. Hapo ndipo pa kuangalia. Hata kwa majani sita, programu bado hukosea, na mkulima aliyeambiwa muhogo wake ni mzima atakata vijiti vya mbegu na kumgawia jirani. Wa kulizuia kosa hilo ni afisa anayeweza kukagua shina, kupasua kiazi na kuipinga simu. Njia ya kumpata haina gharama kubwa: atazame jani kwanza, aandike jibu lake, ndipo aelekeze kamera, na majibu yote mawili yahifadhiwe. Baada ya msimu mmoja mwajiri atajua kama afisa wake amejifunza, au ameigeuza simu kuwa mkongojo.