Injini ikibadilishwa, breki nazo zitazamwe



Natoa maoni yangu juu ya jambo lililoenea sana vijijini, nalo ni la kung'oa injini ya petroli katika magari ya zamani na kuweka ya dizeli. Kazi hii mimi naiunga mkono. Land Rover ya miaka ya 1970 ambayo chesisi yake haijaoza bado ina faida kubwa katika barabara zetu, na kuitupa kwa sababu injini imechoka ni ufujaji wa mali. Ninacholalamikia ni namna kazi yenyewe inavyokabidhiwa. Injini ikishawaka tu, fundi anadai fedha zake zote, na wenye gari wanapiga makofi.

Gari la kijiji chetu ni Land Rover ndefu, Series III, iliyokuja na injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Ndilo linalopeleka wagonjwa na akina mama wajawazito hospitali ya wilaya, na wakati wa mavuno hubeba magunia. Wananchi walichanga, ikanunuliwa injini ya dizeli iliyotumika, ya lita 2.5, iliyotolewa katika Land Rover 110. Uchaguzi ulikuwa mzuri, kwani injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya zamani na hufungwa kwenye giaboksi ile ile, tofauti na injini za Kijapani ambazo hudai bamba la kuunganishia. Baada ya siku chache ikawaka. Wiki hiyo hiyo dereva wetu, mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi, alisimamisha gari juu ya mteremko akiwa na mgonjwa ndani, akakataa kushuka. Alisema pedali ya breki imekuwa ngumu kama gogo. Mgonjwa alimaliza safari kwa pikipiki.

Mimi si fundi, lakini nafundisha sayansi, na jambo lenyewe hata mtoto wa darasa la sita aliyewahi kunyonya soda kwa mrija ataelewa. Injini ya petroli ina kilango kwenye kabureta. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta kilango hufunga, pistoni zinaendelea kuvuta, na hewa ndani ya manifoldi inapungua sana. Busta ya breki hutumia upungufu huo wa hewa kumsaidia dereva kukanyaga. Sasa, injini yetu hii ya dizeli haina kilango cha namna hiyo, inapumua wazi wakati wote, kwa hiyo watengenezaji waliipa pampu yake maalumu ya kufyonza hewa kwa ajili ya busta. Kwenye injini tuliyouziwa pampu hiyo ilikuwa imeondolewa, mahali pake pamefunikwa kwa bamba, na mpira wa busta umezibwa kwa boliti. Breki hazikuwa zimekufa, ila zilidai nguvu za mguu ambazo mtu hawezi kuzitoa mteremko mzima na gari lililojaa.

Boliti ile haikuingia humo yenyewe. Aliyeiweka alijua mpira ule ni wa kazi gani, akanyamaza.

Kipimo chake hakihitaji chombo chochote. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Bila kuondoa mguu, washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, busta inapata msaada wake. Ikikaa pale pale, gari lisitoke karakana.

Tatizo la pili lilikuwa la kuwaka na kuzima. Fundi alipiga stata mpaka betri ikaisha, kisha akaanza kuilaumu pampu ya dizeli na kudai inunuliwe nyingine. Pampu ya dizeli ni ghali mno, ndugu wasomaji, na isilaumiwe kabla ya kutazama hewa katika mabomba. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye filta, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza, ndipo ujaribu. Mapovu yakirudi tena, kuna mpira uliopasuka upande wa tangi. Mpira huo huweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone, ndiyo maana macho hayauoni. Kwetu ilikuwa hivyo: bomba la zamani la petroli lilirudishwa kama lilivyokuwa, pamoja na nyufa zake. Kipande cha mpira mpya kilimaliza kesi. Aidha tangi la petroli halikuwa na njia ya kurudishia dizeli inayobaki kwenye nozeli, ikabidi ichomelewe. Tangi la petroli kulichomelea bila kulisafisha mpaka mvuke wote uishe ni kutafuta mauti, na nimeona watu wakitaka kufanya hivyo wakiwa na sigara mdomoni.

La tatu ni dogo. Injini hukaa juu ya mipira, kwa hiyo lazima pawe na waya mnene wa athi kutoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi. Ukisahauliwa, stata huzunguka kivivu na watu hukimbilia kununua betri.

Nashauri halmashauri za vijiji zenye magari ya namna hii ziandikiane mkataba na fundi, na sehemu ya malipo ibaki mpaka gari lipande na kushuka mlima likiwa na mzigo, mbele ya dereva wa kijiji. Injini iliyotumika inunuliwe pamoja na vifaa vyake vyote, si pande la chuma tupu. Ndugu zetu wa VETA nao wangefanya jambo jema kama wangewaita mafundi wa mitaani, ambao wengi wamejifunza kwa kuangalia tu, wakawapa mafunzo mafupi juu ya breki za magari yaliyobadilishwa injini. Mafundi hawa wana mikono mizuri. Wengi hawajapata wa kuwaeleza kwa nini kitu fulani kiko mahali kilipo.

Tena kadi ya gari huandikwa namba ya injini. Kadi yetu bado inaonyesha injini ya petroli ambayo sasa imelala nyuma ya ghala. Nimekwisha mwandikia mwenyekiti wa kijiji kwamba ipelekwe TRA ikarekebishwe kabla ya msimu wa mahindi kuanza, na pampu ya busta, ambayo tumeipata baada ya kuitafuta mwezi mzima, ifungwe kabla ya safari yoyote ya mgonjwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbinga, Ruvuma.