Gemu ya kuunda mwenyewe, taa na swichi yake: tusiwaite wahuni

Hivi sisi Wabongo ni lini tutaacha kuamini kwamba kila kijana anayeshika gemu amepotea? Kaa na wazazi, kaa na walimu, kauli ni ile ile: gemu ni uhuni, gemu inaua shule. Mimi nasema inategemea. Kuna kijana anayecheza gemu, na kuna anayeifungua ili ajue ndani kuna nini, halafu akaunda ya kwake. Huyu wa pili ndiye ninayetaka kumtetea leo, na nitamtetea kwa kitu kidogo kabisa: swichi ya taa.

Ndugu msomaji, waulize kaka zetu waliokuwa watoto miaka ya 1990 juu ya ile gemu ya matofali ya kushika mkononi, iliyotumia betri mbili ndogo. Kioo chake hakikuwa na taa. Jua likizama, mchezo umekwisha, hata kama betri bado mpya. Si hiyo peke yake. Game Boy ya kwanza ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1989, nayo haikuwa na taa, na haikuwa bahati mbaya. Gunpei Yokoi na wenzake walioiunda walijua kwamba taa inakula betri. Washindani wao Sega walileta Game Gear mwaka 1990, yenye rangi na taa safi, lakini ilimeza betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ndiyo iliyotamba. Baadaye, mwaka 2003, Nintendo walitoa Game Boy Advance SP yenye taa na kitufe cha kuiwasha na kuizima. Mchezaji akaachiwa aamue mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2003 Nokia wakatoa simu ya 1100, ambayo kwetu ilijulikana kama simu ya tochi. Ilikuwa na gemu ya nyoka, na ilikuwa na taa ya LED unayoiwasha pale tu unapoihitaji. Ilinunuliwa kwa zaidi ya milioni 200 duniani, na nadhani kila mmoja wetu anamjua babu au shangazi aliyekuwa nayo.

Sasa twende Mwakitolyo. Kwa asiyepajua, ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na ukiitaja watu wanakumbuka jambo moja: dhahabu. Maduara, makarasha, maturubai, vumbi. Nilikwenda huko kikazi, na kwenye banda moja la fundi simu nikamkuta kijana amejiundia gemu. Mwili wake ni kopo la plastiki la chakula. Kioo kimetoka kwenye simu mbovu. Ndani kuna chipu moja, vitufe, na betri ya simu. Siku hiyo alikuwa anaongeza taa nne ndogo za LED pembeni mwa kioo, na kilichomchukua muda ni swichi. Nikamuuliza kwa nini asiziunganishe moja kwa moja amalize. Akanijibu bila kuinua macho: "Kaka, mchana taa ya nini? Inakula chaji bure."

Jibu hilo lina fizikia nyingi kuliko unavyodhani. Tupige hesabu ya karatasi. Betri ya Nokia aina ya BL-5C, ile inayotumika pia kwenye redio ndogo nyingi, huandikwa 1,020 mAh. Tuseme chipu na kioo vinatumia miliampea 20. Gemu itakwenda saa 51. Ongeza LED nne za miliampea 10 kila moja, matumizi yanafika 60, na saa zinashuka mpaka 17. Taa nne tu zimekula theluthi mbili ya muda wako! Sehemu ambayo kuchaji ni kulipia bandani, hiyo ni pesa inayotoka mfukoni. Swichi ndiyo inayoirudisha.

Kuna zaidi. LED haiungwi kwenye betri hivi hivi, itaungua. Inataka rezista. Betri ikijaa ina volti 4.2, LED nyeupe inabakiza kama volti 3, kwa hiyo volti 1.2 lazima zishughulikiwe. Gawanya kwa miliampea 10, unapata omu 120. Hii ni sheria ya Ohm, ile tuliyoikariri sekondari tukaiandika kwenye mtihani na kuisahau siku iliyofuata. Na ukitaka taa iwashwe na chipu yenyewe kwa kubonyeza kitufe, mguu mmoja wa chipu ndogo kama ATmega328 haufai kubebeshwa mzigo wa LED nne. Unatafuta transista kwenye redio iliyokufa, chipu inaiamrisha transista, na transista inabeba mzigo. Wangapi kati yetu wenye shahada tunaweza kueleza hilo?

Na wala si vitu vya kubahatisha. Kioo cha Nokia 5110 cha mwaka 1998, chenye nukta 84 kwa 48, kilitumika kwenye Gamebuino, gemu ndogo ya mkononi iliyobuniwa Ufaransa na kutoka mwaka 2014 ili watu wajifunze kuandika programu. Yaani Wafaransa walilipia kitu ambacho malighafi yake sisi tunaitupa jalalani.

Najua kuna atakayesema: mwandishi, watu wa machimboni wana shida kubwa kuliko gemu. Ni kweli, na ndiyo maana nayasema haya. Mwaka 2013 Human Rights Watch walieleza jinsi watoto wanavyofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, pamoja na kushika zebaki kwa mikono. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza, lakini mtoto haondoki machimboni kwa sababu ya karatasi. Anaondoka akiona kazi nyingine inayomlipa na kumpa heshima. Kumbukeni pia Nyangarata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji walipokaa siku 41 chini ya kifusi kabla ya kuokolewa. Huko chini taa na betri ni suala la uhai. Kijana anayejua kwa nini taa inazimika mapema ana faida kwa kijiji kizima, hata kama alijifunzia kwenye gemu.

Wengine watataja dubwi, zile mashine zinazomeza sarafu za watoto. Jamani, tusichanganye mambo. Dubwi limetengenezwa ili likuchukulie, na huruhusiwi kulifungua. Gemu ya kopo la plastiki umeifunga wewe, ikifa unaifufua wewe.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeleta mkondo wa amali sekondari. Vizuri. Lakini tusisubiri karakana za mamilioni zijengwe ndipo tuanze. Shule iliyo karibu na machimbo imwite fundi simu wa pale pale, aje na simu mbovu kumi, rezista na risasi ya kuchomelea. Wanafunzi waunde kitu kinachowaka na kinachozimika. Awafundishe pia kwamba betri ya simu ikitobolewa au ncha zake zikigusana inaweza kuwaka moto. VETA nao wanao utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Waupeleke mpaka kwenye mabanda ya machimboni, wasingoje fundi apande basi kuwafuata mjini.

Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao ameifungua redio yako, kabla ya kuchukua fimbo muulize alikuwa anatafuta nini. Akikujibu transista, mnunulie risasi.

Naomba kutoa hoja.