Jino lililogongwa likinyamaza, usidhani limepona

Mtoto wa miaka tisa anaanguka na baiskeli. Jino la mbele linalegea kidogo, fizi inatoka damu. Mama anamsukutulisha maji ya chumvi, anampa dawa ya maumivu, na baada ya siku nne mtoto anatafuna muhindi wa kuchoma kama kawaida. Nyumbani wote wanasahau.

Mwaka na nusu baadaye, mtoto huyo aliletwa kwangu na kipele cha usaha juu ya jino lilelile. Halikuwa limeoza wala kutoboka. Nilipopiga eksirei, upande mmoja wa mzizi ulikuwa umelika kama ukuta wa udongo uliopigwa mvua. Mama akaniuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi: "Lakini daktari, mbona hakuwahi kulalamika?"

Hakulalamika kwa sababu mzizi ukiliwa mara nyingi hauumi. Ndiyo hoja yangu wiki hii, msomaji: kwa jino lililogongwa, maumivu si kipimo. Kipimo ni picha, tena ya kurudiwa.

Kulika kwa mzizi si jambo geni kwako. Kumbuka jino la utotoni ulilorusha juu ya bati. Lilikuwa kama kikofia tu, halina mzizi. Mzizi wake uliliwa na seli za mwili wako mwenyewe ili kupisha jino la ukubwani. Hiyo ni kazi halali. Tatizo ni pale seli hizo zinapougeukia mzizi wa jino la ukubwani, ambalo halina mrithi.

Kwa kawaida mzizi huo una utando unaoukinga. Pigo kali huuchubua. Kama pigo limekata pia damu ya kiini cha jino, kiini hufa, bakteria hujipenyeza, na sumu yao hutoka hadi pale palipochubuka. Hapo seli za kula mzizi hupata mlango na mwaliko kwa pamoja. Kwa mtoto ambaye mzizi wake haujakomaa, kazi hiyo inaweza kwenda mbali ndani ya wiki chache.

Habari njema ni kwamba aina hii husimama. Daktari akikisafisha kiini kilichokufa, akaweka dawa ya kalsiamu haidroksaidi, kisha akaziba mzizi, bakteria huisha na ulaji hukosa sababu. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kwa hiyo kuwahi ndiyo nusu ya tiba.

Zipo aina nyingine. Kuna ulaji unaoanzia ndani ya kiini, wakati mwingine jino likionesha doa la waridi. Huo nao hukomeshwa kwa kutibu mzizi mapema. Kuna unaoanzia shingoni mwa jino, karibu na fizi, ambao hata sisi madaktari huudhania kuwa ni kuoza kwa kawaida. Na kuna ule mgumu kuliko yote, ambapo mfupa wa taya huungana na mzizi na kuchukua nafasi yake polepole. Jino la namna hiyo halitikisiki hata kidogo, ukiligonga linalia kama chuma, na mtoto anapokua linabaki juu wakati wenzake wanashuka. Huo hatuna dawa ya kuuzuia. Tunapanga tu namna ya kuishi nao.

Hapa nitawagusa wenzangu. Mgonjwa anakuja na jino linalocheza, foleni ni ndefu, tunashika koleo. Picha haikupigwa. Au imepigwa moja tu, wakati picha mbili za pembe tofauti zingeonesha kama shimo liko ndani ya mzizi au nje yake: la ndani hubaki katikati, la nje huhama. Na mara nyingi mno tunamfunga mtoto jino lililolegea, tunampongeza kwa ujasiri, tunamwacha aende bila tarehe ya kurudi.

Mwongozo wa kimataifa wa majeraha ya meno wa mwaka 2020 uko wazi. Jino la ukubwani lenye mzizi uliokomaa, lililong'oka kabisa na kurudishwa mahali pake, likaguliwe kwa picha baada ya wiki 2, wiki 4, miezi 3, miezi 6, mwaka 1, kisha kila mwaka kwa angalau miaka 5. Matibabu ya mzizi wa jino hilo yaanze ndani ya wiki 2. (Na likichomoka, lishike upande wa kutafunia, lisuuze haraka, lirudishe palepale, ukishindwa, litie kwenye maziwa na ukimbie hospitali. Usilifunge kwenye leso. La utotoni usilirudishe.)

Najua utaniambia nauli, na siku ya kazi inayopotea. Ni kweli, na wenye kipato kidogo wanaumia zaidi. Lakini hesabu upande wa pili. Mtoto akipoteza jino la mbele akiwa na miaka kumi, hawezi kuwekewa jino la kupandikiza mpaka taya imalize kukua, na katika miaka hiyo mfupa wa pale penye pengo unasinyaa. Ndiyo maana hata jino ambalo mzizi wake unaliwa linaweza kuwa na thamani ya kubakizwa miaka kadhaa. Kung'oa kusiwe jibu la kwanza.

Kwa hiyo ukitoka kliniki baada ya ajali ya jino, yako au ya mwanao, usiondoke bila vitu viwili: tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi, na picha ya eksirei ndani ya simu yako. Daktari atakayekuona mwakani, huenda katika mji mwingine, hawezi kujua mzizi umepungua kama hajui ulikuwa na urefu gani.

Yule mtoto wa baiskeli bado ana jino lake. Mzizi ni mfupi kuliko wa jirani, lakini picha tatu za mwisho zinafanana. Anarudi Desemba, shule zikifungwa.