Picha ya Moyo: Nani Atamfasiria Mgonjwa?

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Je, maradhi yakifichwa na lugha, huumbuliwa nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mama mmoja, jirani yangu mtaani Kabiria. Alitoka hospitalini na bahasha yenye picha za moyo wake, akaniletea. "Mwalimu, hebu nisomee. Wameona nini ndani ya moyo wangu?" Taarifa ilikuwa kwa Kiingereza. Kiingereza chake nilikielewa. Kiswahili ndicho kilichonipiga chenga. Nilibabaika, kisha nikasema, "Mama, wanasema mshipa umeziba kidogo." Akauliza, "Mshipa gani?"

Swali hilo lilinisuta. Katika Kiswahili cha kila siku, mshipa ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, na kwa baadhi ya watu ni ugonjwa wa ngiri. Ilhali istilahi tunazo: ateri hutoa damu moyoni, vena huirejesha, neva hupeleka fahamu. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Hata hivyo, kamusi zimesalia maktabani, na mgonjwa amesalia gizani.

Sayansi nayo haitungoji. Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, alianza kulitafakari tatizo la kupiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei akiwa Cape Town mwaka 1956. Mwaka 1979 alituzwa Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Leo pana mitambo ya spektra, inayopambanua miale ya eksirei kwa viwango vya nguvu zake. Kwa kuwa kila elementi huimeza miale hiyo kwa namna yake, mtambo huweza kutenga kalsiamu iliyoganda ukutani mwa ateri na iodini iliyodungwa katika damu. Katika picha za kawaida kalsiamu hung'aa na kuonekana kama iliyovimba, hata njia ya damu ikadhaniwa kuwa nyembamba kuliko ilivyo. Mtambo wa spektra humsaidia daktari kupunguza kosa hilo.

Ni kinaya kwamba mtambo unatenganisha kalsiamu na iodini, nasi wana-Kiswahili hatujamtenganishia mgonjwa ateri na neva!

Wapo watakaodai kuwa udaktari hauwezi kuandikwa kwa Kiswahili. Sidai kwamba daktari aache taarifa yake ya kitaalamu. Nadai ukurasa mmoja wa mgonjwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa, inapowezekana. Swali ni hili: nani wa kuiwezesha, kama si sisi?

Wasomi wenzangu, tuketi na wanafunzi wa udaktari. Tuandae ukurasa unaoeleza ateri ipi imeziba, kwa kiasi gani, kwa kitu gani, na mgonjwa afanye nini. Kisha tuwasomee akina mama wa Kabiria kabla ya kuusomea kongamano. Wasipouelewa, tuuandike upya.

Jirani yangu aliirudisha picha bahashani, akanishukuru, akaenda zake. Swali lake ningali nalo.