NAAMANI ALIINGIA MTONI MARA SABA

Leo sina maneno matamu.

Kuna mahubiri yanazunguka kwenye simu za kina mama wa hapa Lanet, eti mtoto aliyewekwa wakfu hahitaji sindano kwa kuwa amefunikwa na damu ya Yesu. Damu ya Yesu naiamini. Lakini mtumishi unayesema hivyo, hebu kunja shati, mkono wa kushoto. Hapo chini ya kiwiko kuna alama gani? Wengi wetu tunayo. Ni BCG, chanjo ya kifua kikuu. Mama yako alikubeba mgongoni akakupeleka. Sasa wewe uliyekingwa unamkataza binti wa mtu asimkinge wake?

Shetani alimpandisha Yesu juu ya hekalu akamwambia ajirushe, malaika watamdaka. Tena alitumia andiko! Yesu alikataa, na si kwa kukosa imani. Na hapa anayerushwa si wewe, ni mtoto ambaye hata hajui kusema hapana.

Lakini hao ni wachache. Walio wengi huanza vizuri wakaachia njiani. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, mama yuko kliniki. Miezi 9, sindano ya ukambi na rubela, amefika. Halafu mtoto anaanza kutembea, mama anarudi kazini, kijitabu kinalala chini ya godoro, na ile ya miezi 18 haidungwi. "Pasta, si alishadungwa ya ukambi?" Alidungwa ya kwanza. Kati ya watoto 100 wanaodungwa wakiwa na miezi 9, kama 15 hivi miili yao haijengi kinga, na huwezi kuwajua kwa kuwaangalia. Ndiyo maana kuna ya pili. Naamani angetoka Yordani mara ya sita angerudi Shamu na ukoma wake, tena amelowa.

Na ukambi si vipele tu. Hupofusha, huleta nimonia, huua. Virusi vyake hukaa hewani hadi saa mbili hata mgonjwa akishatoka chumbani. Sasa fikiria watoto wetu wa shule ya Jumapili walivyobanana.

Kina mama, siwapigi nyinyi peke yenu. Mwaka 2025 chanjo za BCG na polio ziliadimika nchini. Mama anapoteza siku ya kibarua, kisha anaambiwa arudi wiki ijayo. Hiyo ni aibu ya serikali na tutaisema. Pia kuna wauguzi wanaomgombeza mama aliyechelewa mbele ya watu mpaka anaona afadhali asirudi. Muuguzi uliyeokoka, huyo mama amekuja. Mpokee.

Na wewe baba, kwenye vituo vya serikali chanjo hizi hazilipiwi. Kinachotakiwa ni nauli ya boda, na unayo.

Jumapili hii kila mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili aje na kijitabu cha kliniki. Dada zetu wauguzi watakaa pale nyuma baada ya ibada ya pili waangalie kurasa za chanjo. Kama tarehe imepita usiogope, huanzi upya, unaendelea pale ulipoachia. Aliyepoteza kijitabu naye aje.